Maswali ya Wasomaji: Mkataba wa Programu ya Mali za Mji Unapofikia Ukingoni

SWALI: Mimi ni diwani na mjumbe wa Kamati ya Fedha na Uongozi katika mojawapo ya miji ya Nyanda za Juu Kusini. Miaka kadhaa iliyopita halmashauri yetu ilinunua programu ya kompyuta ya kutunza kumbukumbu za mali za miundombinu: barabara, makalavati, mifereji ya maji ya mvua, taa, masoko, stendi na magari ya kuzolea taka. Programu ni ya kampuni ya nje, nasi tunahudumiwa na wakala wake aliyeko Dar es Salaam. Mkataba unakwisha tarehe 30 Juni. Menejimenti imeleta andiko la ukurasa mmoja ikiomba tuidhinishe miaka mitano mingine, ada ikipanda asilimia 8 kila mwaka, na limeandikwa humo kwamba tusipohuisha mkataba "tutapoteza kila kitu". Mwenzangu mmoja alisema kikaoni kwamba huko Marekani mikataba ya namna hii hupitishwa kwa dakika chache bila mjadala, hivyo hatuna sababu ya kujichelewesha. Je, tuulize nini kabla ya kunyoosha mikono?
*Diwani, Nyanda za Juu Kusini*

JIBU: Mheshimiwa Diwani, naomba tuanze na yale maneno matatu, "tutapoteza kila kitu", kwa sababu ndiyo yanayostahili kuwatia wasiwasi kuliko asilimia 8. Vipimo vya kalavati, picha ya mfereji uliobomoka, tarehe fundi alipobadilisha taa: hayo yote yalikusanywa na watumishi wenu, kwa posho na mafuta yaliyolipwa na halmashauri yenu. Mlichokodi kwa wakala ni programu tu. Ikiwa kweli mkataba ukikwisha kumbukumbu hizo zitabaki mikononi mwa mtu mwingine, basi kasoro iliingia siku mkataba wa kwanza uliposainiwa, na wakati wa kuirekebisha ni huu ambapo wakala bado anaitafuta saini yenu.

Kwa hiyo, kabla hamjagusa suala la bei, Kamati imwelekeze Mkurugenzi adai nakala kamili ya kumbukumbu zote sasa hivi, mkataba ukiwa ungali hai, katika mafaili yanayoweza kufunguliwa na programu nyingine yoyote. Nakala hiyo ifunguliwe mbele ya Afisa TEHAMA na Mhandisi kwenye kompyuta isiyo na uhusiano wowote na wakala, kisha zichaguliwe mali kumi au ishirini bila mpangilio, na watu waende kuziangalia mtaani kama zipo pale faili linaposema zipo. Msikubali kuletewa majedwali ya orodha peke yake. Orodha ya makalavati ya mji mzima inaweza kukusanywa upya katika kiangazi kimoja, lakini historia ya kazi haikusanyiki tena: ni kalavati lipi lilizibuliwa mara nne katika msimu mmoja, ni mtaa upi taa zake huungua kila baada ya miezi michache, ni kiasi gani cha saruji na saa za mafundi kilitumika wapi. Hiyo ndiyo hazina yenyewe, na mara nyingi ndiyo inayoachwa nyuma wakala anapotoa nakala kwa shingo upande.

Swali la pili liwe la matumizi. Andiko la ukurasa mmoja haliwezi kuwaambia iwapo mfumo unatumika, lakini mfumo wenyewe unaweza. Ombeni taarifa ya miezi kumi na miwili inayoonyesha hati za kazi, yaani maagizo ya kazi wanayopewa mafundi, zilizofunguliwa kila mwezi, nani alizifungua, na zilichukua siku ngapi hadi kufungwa. Katika miji yetu ya nyanda za juu mvua huanza takriban Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, kwa hiyo taarifa hiyo inapaswa kuonyesha wazi kazi za mifereji zikipanda kuanzia miezi hiyo. Mkiona mstari umelala mwaka mzima, kisha hati mamia zimefungwa ndani ya wiki moja kabla ya wakaguzi kufika, mtakuwa mmejua kwamba mafundi bado wanafanya kazi kwa simu na daftari, na kompyuta inajazwa baadaye kwa ajili ya sura. Hilo halimaanishi moja kwa moja kwamba programu ni mbaya. Pengine vishikwambi viliharibika, pengine mtandao haushiki kwenye kata za mlimani, pengine aliyefundishwa amehamishiwa halmashauri nyingine na hakuna aliyemrithi ujuzi. Hata hivyo, kulipia miaka mitano ya mfumo usiotumika kwa kutumaini kwamba utatumika ni jambo ambalo mimi nisingelipigia kura.

Swali la tatu husahaulika sana, nalo ni hili: mali zilizomo katika mfumo ni za nani? Tangu mwaka 2017 ulipoanzishwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, barabara za mijini ambazo zamani zilikuwa chini ya halmashauri zinasimamiwa na wakala huo, ambao una mfumo wake wa kumbukumbu za barabara uitwao DROMAS. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, ikiwemo ile ya kutoka Igawa kupita Uyole na Mbeya mjini hadi Tunduma. Mabomba ya maji na majitaka ni ya mamlaka za maji. Halmashauri inabaki na masoko, stendi, majengo ya shule na zahanati, dampo, machinjio, bustani, makaburi na magari yake, pamoja na sehemu ya mifereji na taa kulingana na makabidhiano ya kila mji. Sasa angalieni namna ada yenu inavyokokotolewa. Wauzaji wengine hutoza kwa idadi ya watumiaji, wengine kwa idadi ya wakazi wa mji, na wengine kwa idadi ya mali zilizoandikishwa. Kama yenu ni ya namna ya tatu, na orodha bado ina kilomita za barabara ambazo si zenu tena, mnafanana na mpangaji anayelipia umeme wa chumba cha jirani. Ondoeni kisichokuwa chenu, au kubalianeni na TARURA kwa maandishi nani anaandika nini na nani anaruhusiwa kuona nini. Mfereji wa soko unaomwaga maji kwenye mtaro wa barabara ya TARURA unahitaji kuonekana na pande zote mbili, hata kama analipa mmoja.

Baada ya hapo ndipo twende kwenye bei. Tuchukulie kwa mfano tu kwamba ada ya mwaka wa kwanza ni shilingi milioni 40. Kwa ongezeko la asilimia 8 juu ya ada ya mwaka uliotangulia, mwaka wa tano mtalipa takriban milioni 54.4, na jumla ya miaka mitano itakuwa milioni 234.7 badala ya milioni 200 mlizokuwa mnazifikiria. Ongezeni Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, na jumla inafika karibu milioni 277. Ulizeni pia kuhusu kodi ya zuio, ambayo mlipaji huikata kwenye malipo na kuipeleka serikalini, nayo ni asilimia 5 kwa mtoa huduma mkazi na asilimia 15 kwa asiye mkazi. Kampuni ya nje ikisema inataka milioni 40 "mkononi", halmashauri italazimika kutenga zaidi ya milioni 47 ili kodi ilipwe na kampuni ipate kiasi chake. Na kama andiko limetaja dola, ikumbusheni menejimenti kwamba kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza bei za bidhaa na huduma za ndani ya nchi kutajwa na kudaiwa kwa fedha za kigeni. Sijasema kwamba ongezeko la kila mwaka ni dhuluma, kwa kuwa mtoa huduma naye hulipa wahandisi na umeme wa seva. Ninachosema ni kwamba asilimia 8 haikutoka mbinguni, na mji unaotaka kujifunga miaka mitano ndio wenye haki ya kudai ongezeko dogo kuliko la mteja wa mwaka mmoja mmoja.

Kuhusu Marekani, mwenzako amesema kweli nusu. Ni kawaida ya mabaraza mengi ya miji huko kukusanya mambo yasiyo na ubishi katika orodha moja na kuyapigia kura kwa pamoja, na uhuishaji wa programu ya idara ya ujenzi huweza kuwa mmojawapo. Lakini kabla ya kura hiyo huwa limeshachapishwa andiko la idara linaloeleza bei, chanzo cha fedha na sababu za kutotangaza zabuni upya, na mara nyingi azimio lenyewe huweka kiwango ambacho malipo hayaruhusiwi kukizidi. Dakika chache za kikao hutanguliwa na wiki za makaratasi.

Huko huko Marekani kuna mambo mawili ya karibuni yenye manufaa zaidi kwenu kuliko kasi ya kikao. La kwanza ni kwamba kampuni hizi hununuliwa. Azteca Systems ya Utah, waliotengeneza programu ya mali za miji iitwayo Cityworks, walinunuliwa na Trimble mwaka 2019, na Cartegraph ya Dubuque, Iowa, ikanunuliwa na OpenGov mwaka 2022. Kampuni inapobadilisha mmiliki, jina la bidhaa, bei na hata mwelekeo wake vinaweza kubadilika, na wakala wenu wa Dar es Salaam anaweza kuamka siku moja akiwa hana uwakala. Mkataba useme kitakachotokea siku hiyo: bei ibaki ileile hadi mwisho wa muda, na halmashauri iwe na haki ya kujitoa ikiwa na kumbukumbu zake. Jambo la pili ni usalama. Februari 2025 taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia usalama wa mitandao, CISA, ilitoa tahadhari juu ya udhaifu uliogunduliwa katika Cityworks, ambao wavamizi walikuwa tayari wanautumia kuingilia seva za wateja. Marekebisho yalitolewa, lakini miji iliyokuwa inaendesha seva zake yenyewe ilibidi iyaweke yenyewe. Waulizeni watu wenu: kwetu hapa, marekebisho ya namna hiyo yakitoka leo, nani anayaweka, ndani ya siku ngapi, na adhabu ni nini akichelewa? Kama jibu ni ukimya, mmepata kifungu cha kuongeza.

Upande wa sheria nitaupita upesi, maana Mwanasheria wa halmashauri anaujua kuliko mimi. Ununuzi huu uwe kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka na upitishwe katika NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa njia ya mtandao, kwa mujibu wa Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023. Baraza halimchagui mzabuni. Hiyo ni kazi ya afisa masuuli (yaani Mkurugenzi), bodi ya zabuni na kitengo cha ununuzi, nanyi mnasimamia fedha na thamani yake. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 inaipa Mamlaka ya Serikali Mtandao nafasi ya kupitia miradi ya TEHAMA ya taasisi za umma, na mamlaka hiyo haipendi mifumo inayorudufu kazi ya mifumo mingine ya serikali, kwa hiyo andiko lieleze uhusiano wa programu hii na rejista ya mali inayotumiwa na Mweka Hazina. Na ikiwa wananchi hutuma malalamiko kupitia mfumo huo pamoja na majina na namba zao za simu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu, hasa pale seva zinapokuwa nje ya nchi.

Umeniuliza mwulize nini, lakini najua unataka pia niseme nasimama upande gani. Kwa maelezo uliyonipa, ningeidhinisha mwaka mmoja, si mitano. Ningefanya hivyo kwa masharti kwamba nakala kamili ya kumbukumbu itolewe kila robo mwaka bila malipo ya ziada, kwamba mkataba ukikwisha wakala atoe msaada wa kuhamisha kumbukumbu kwa bei iliyokwisha kutajwa humo, na kwamba menejimenti ilete kwenye Kamati taarifa ya matumizi ya msimu mzima wa mvua kabla ya bajeti inayofuata kujadiliwa. Mwaka mmoja una gharama yake, kwa kuwa punguzo la muda mrefu litapotea. Lakini utawapa pia jambo ambalo kalenda yetu inaruhusu: mkataba ukikwisha Juni, kiangazi cha kuanzia Julai hadi Oktoba ndicho kipindi cha kuhamisha mfumo na kukagua mifereji, na mkiamua kubadilisha baada ya Novemba mtakuwa mnafundisha mafundi programu mpya huku maji yameingia sokoni.

SWALI: Tumepewa nakala ya kumbukumbu na mtoa huduma anayeondoka, ila tukiifungua kwenye ramani, makalavati yote yanaangukia pembeni ya barabara, mengine katikati ya nyumba za watu. Mtoa huduma anasema data ni sahihi na tatizo ni programu yetu. Nani mkweli?
*Mhandisi, Iringa*

JIBU: Ndugu Mhandisi, yawezekana kabisa kwamba namba ni sahihi na mtoa huduma bado ana deni kwenu. Ramani nyingi za zamani za nchi yetu, pamoja na vipimo vingi vya wapimaji, zilijengwa juu ya msingi wa kijiodesia, yaani msingi wa kupimia mahali juu ya umbo la dunia, uitwao Arc 1960, wakati simujanja na vipokezi vya GPS vya kawaida hutoa namba kwa msingi wa WGS84. Nukta ileile ikisomwa kwa msingi usio wake husogea takriban mita 300. Kwa hiyo pimeni kwanza: kama makalavati yote yamesogea umbali unaolingana na kuelekea upande mmoja, na umbali huo ni wa kiasi hicho, ugonjwa mmeshaujua, na Afisa Mipango Miji au mtu yeyote anayeijua QGIS, programu huria ya ramani, ataurekebisha kwa kutaja msingi sahihi wakati wa kufungua faili.

Iringa mna mtego wa pili ambao wenzenu wa Mbeya hawana. Katika UTM, mfumo wa kutaja mahali kwa mita badala ya digrii, nchi imegawanywa kwa kanda, na mstari wa longitudo 36 mashariki ndio mpaka kati ya kanda ya 36 na ya 37. Manispaa ya Iringa iko magharibi kidogo tu ya mstari huo, ilhali sehemu ya Kilolo imeshauvuka. Mtu aliyechukua vipimo vya pande zote mbili kisha akavirundika katika faili moja bila kuandika kanda atakuwa amewaletea nukta zinazorushwa mamia ya kilomita kutoka mahali pake. Kama kosa lenu ni la mita chache tu na kila nukta imeelekea upande wake, basi ni usahihi wa simu iliyotumika, na hapo hakuna dawa ila kurudi uwandani.

Kuhusu nani mkweli: faili la mahali lisilotaja msingi na kanda yake halijakamilika. Mwandikieni barua rasmi mkimtaka ataje msingi, kanda, maana ya kila safu ya jedwali na maana ya kila kifupisho, kwa sababu nimeona majedwali ambayo hali ya kalavati imeandikwa "3" bila mtu yeyote kujua kama tatu ni nzuri au mbaya. Barua hiyo itumwe kabla malipo ya mwisho hayajafanyika. Baada ya malipo, majibu ya namna hii huchukua muda mrefu sana.

SWALI: Mkataba wetu wa mfumo ulikwisha Juni 30. Mfumo haukuzimwa, mafundi wameendelea kuutumia, na sasa mtoa huduma ameleta ankara ya miezi hiyo pamoja na hati ya nyongeza yenye tarehe ya Juni. Ninashinikizwa kuiandaa kwa saini. Nifanye nini?
*Afisa Ununuzi, Njombe*

JIBU: Usiandae. Ombi la nyongeza hufanywa mkataba ungali hai. Ukishakwisha hakuna kinachobaki cha kuongezewa muda, na tarehe iliyorudishwa nyuma ni jambo ambalo mkaguzi hulikamata kwa kulinganisha tu hati hiyo na kumbukumbu za NeST. Andika dokezo kwa afisa masuuli ukieleza hali ilivyo: mkataba ulikwisha lini, nani aliruhusu matumizi kuendelea, huduma gani ilipokelewa, na madai ni kiasi gani. Kama halmashauri kweli ilipokea huduma, dai hilo lina njia yake ya kuchunguzwa na kuamuliwa na wenye mamlaka baada ya ushauri wa Mwanasheria, na njia hiyo hupitia kwenye ukweli wa tarehe. Ununuzi wa kuendelea na huduma uanze upya kwa njia halali, hata kama ni wa muda mfupi.

Wakati huohuo, mwombe Afisa TEHAMA achukue nakala ya kumbukumbu leo, kabla uhusiano haujaharibika. Nami ningeshauri kitengo chako kiweke ukumbusho wa miezi tisa kabla ya kila mkataba wa mfumo kwisha. Miezi mitatu haitoshi. Bajeti za halmashauri hujadiliwa mapema mwaka unapoanza kwa ajili ya fedha za Julai, kwa hiyo jambo linalokumbukwa Aprili limeshachelewa kuingia kwenye bajeti kwa heshima.

SWALI: Nimehitimu fani ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Nikisikia halmashauri zinalipa mamilioni kila mwaka kwa programu za nje za kuorodhesha mifereji, nasikitika. Je, sisi vijana wa hapa hatuwezi kuitengeneza?
*Mhitimu, Uyole*

JIBU: Mwanangu, kuitengeneza mnaweza, na zana zipo bure. QGIS ilianza mwaka 2002 na ni chanzo huria, QField huiwezesha simujanja kukusanya taarifa hata mahali pasipo na mtandao, na hifadhidata ya PostgreSQL yenye nyongeza ya PostGIS hutunza ramani za miji mikubwa kuliko yetu. Kuhusu vijana kuweza kukusanya data, mfano upo nchini: mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa kuchora kata zinazokumbwa na mafuriko, ikiwemo mifereji yake, na kuziweka kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoko mtandaoni.

Ila hesabu yako ya "bure" bado ina mapengo. Ada ile ya mwaka hailipii skrini za kujazia taarifa peke yake. Inalipia mtu wa kupokea simu seva inapozima Machi katikati ya mvua, marekebisho ya usalama, mafunzo ya fundi mpya, na uhakika kwamba aliyeandika mfumo hajapata ajira Dodoma akaondoka na nywila. Mifumo iliyotengenezwa na kijana mmoja mwerevu na kufa alipohama si michache katika ofisi zetu, na kila mmoja umewafanya maofisa wawe wagumu zaidi kwa kijana anayefuata. Ukienda kwa Mkurugenzi na wazo la kuondoa programu yote ya nje, atakusikiliza kwa upole na utaishia mapokezi. Hata akikubali, mradi mpya wa namna hiyo utapaswa kupita Mamlaka ya Serikali Mtandao, na huko utaulizwa maswali haya haya.

Anza na kitu kidogo kinachoweza kukaguliwa. Chagua kata moja, tuseme Uyole kwenu au mojawapo ya zile za eneo la Mwanjelwa penye msongamano, na aina moja ya mali, kwa mfano makalavati na mifereji ya pembeni mwa soko. Omba kibali kwa Afisa Mtendaji wa Kata kabla ya kuanza kupiga picha, maana kijana mwenye simu anayechungulia mitaro huzua maswali. Kwa kila kalavati andika mahali, kipenyo, aina ya ujenzi, picha mbili, na hali yake kwa ngazi ya 1 hadi 5, ambapo umeeleza kwa maneno kila ngazi ina maana gani, na uandike pia ni la nani kati ya halmashauri, TARURA na TANROADS. Shirikiana na wenzako angalau wawili ili kazi isiwe na mwenyewe mmoja, na muweke maelekezo ya kuiendesha kwa Kiswahili. Kisha, badala ya kumpelekea mhandisi programu, mpelekee karatasi moja yenye makalavati kumi yaliyo hatarini zaidi katika kata hiyo, umuulize kama anakubaliana na mpangilio wako. Akikuambia umekosea matatu, mmeanza mazungumzo, na siku mkataba wa mtoa huduma utakapojadiliwa upya atakuwepo mtu mmoja ofisini anayejua kwamba kazi hiyo inaweza kufanyika kwa njia nyingine. Jitahidi karatasi hiyo ifike mezani kwake kabla ya Oktoba kwisha. Mvua zikishaanza hatapatikana ofisini.